Jibu la Mwalimu Wepukhulu

Tangu kiharusi kimpige mwalimu Wepukhulu, nyumba yake ya Kiplombe ilijaa watu wa kumjibia. Mgeni akimsalimu, mkewe anaitikia. Mchungaji akimuuliza hali, majirani wanaeleza. Maneno ya mwalimu yalikuwa yanakuja, ila polepole, na nani siku hizi ana subira ya kungoja neno moja mpaka chai ipoe?

Jambo hilo lilimkera bintiye Nekesa, na leo zaidi ya siku zote. Watu wa kina Omollo walikuwa wamekuja kumposa, na kwa desturi baba mwenyewe ndiye hutamka kama amekubali. Mdogo wake mwalimu, Mabonga, alikuwa amejiweka sawa kitini, tayari kusema kwa niaba yake. Nekesa aliitaka sauti ya baba yake, si nyingine.

Mzee Oyugi, msemaji wa wageni, akauliza, "Mwalimu, mtatupatia huyu msichana?"

"Mwalimu anasema..." Mabonga akaanza.

"Baba mdogo, ngoja tafadhali." Nekesa alijishangaa kwa ujasiri huo. "Wazee, mnisamehe. Baba alifundisha fizikia, na kuna kitu hakuchoka kutuambia. Voyager, kile chombo cha angani cha Wamarekani, ilirushwa yeye akiwa darasa la kwanza. Saa hii iko mbali mpaka ukiiuliza kitu, jibu linachukua karibu siku mbili. Juzi juzi memori yake iliharibika, ikabwabwaja miezi mingi. Mainjinia hawakuijibia. Walihamisha kazi kwa sehemu ingine ya memori, wakauliza tena, wakangoja. Na ikaongea! Mpaka leo inaongea, huko gizani. Sasa Baba si ako hapa tu, kwa kiti?"

Mzee Oyugi akacheka, akaweka kikombe chini. "Basi tungoje. Sisi tuna haraka gani kushinda hao?"

Wakangoja. Mdomo wa mwalimu ulihangaika, ukatulia, ukahangaika tena. Mabonga alijikuna shingo, akameza maneno yake. Nekesa aliingiwa na hofu kwamba amemwaibisha baba yake mbele za watu.

"Mu..." mwalimu akasema. "Muulizeni... yeye... kwanza."

Sebule nzima ililipuka kwa vigelegele. Nekesa alijawa na furaha, lakini alipofungua mdomo kusema ndiyo, sauti iligoma na machozi yakatangulia. Mabonga akataka kumjibia. Mwalimu akamwinulia kidole, na wageni wakachukua vikombe vyao, wakamngoja Nekesa.