Sauti ya Zamda Haikupanda Lori

Jumatatu moja ya mwaka 1975, kwenye benchi la zahanati ya kijiji kipya, huko Handeni, walikaa watoto kumi na wawili wenye homa na mmoja asiye na sauti. Huyo alikuwa Zamda, binti wa miaka saba, kapakatwa na mama yake, Mashavu.

"Sauti imekwenda wapi?" mganga Matayo aliuliza, akitafuta kalamu.

"Imebaki kwetu kwa zamani. Siku ya kuhamishwa nilikuwa kisimani. Mgambo wakampakia lorini peke yake, wakachoma nyumba. Aliniita mpaka lori likapotea. Wachunga mbuzi wanaopita huko wanasema inaniita hadi leo."

Matayo alimulika koo, akalikuta safi. Daftari halikuwa na mahali pa ugonjwa huo. Aliandika minyoo, akatoa vidonge na barua ya kwenda Korogwe.

Daktari wa Korogwe alikuwa mtu mwema. Alimkalisha Zamda kwenye kiti chake mwenyewe, akasema sauti za namna hiyo ziko nyingi, ila anayetibu huzuni za watoto hakuna.

"Wapo wa watu wazima, mama. Mlete akikua."

"Ana miaka saba, daktari."

"Najua," alisema, akaongeza vidonge vya minyoo.

Katibu wa kijiji alipopata habari kwamba mahameni, kwenye makazi yaliyoachwa, kumebaki mkazi, alituma lori. Kuishi huko kulikuwa marufuku, na marufuku ni marufuku. Mgambo walirudi mikono mitupu: sauti ilipowaona ilizidi kulia. Katibu, ambaye si mtu mbaya ila hapendi usumbufu, aliandika kwamba imehama.

Ijumaa Mashavu akamshika Zamda mkono, wakaenda mahameni kwao kwa miguu. Sauti ilikuwa penye mafiga. "Mama! Mama, njoo!" Mashavu alilia mpaka kanga ikalowa. Kisha akaketi kwenye majivu.

"Nimekuja, mwanangu. Nilikuwa kisimani tu. Nimekuja."

Sauti ikanyamaza. Zamda akalala mapajani mwa mama yake, usingizi wa kwanza mzito tangu wahamishwe.

Jumamosi sauti ikaanza tena kuita kule kule. Basi kila Ijumaa wanakwenda, na kila Jumatatu wanapanga foleni, wanapewa vidonge. Njiani hukutana na kina mama wengine na watoto wao wakimya, kila mmoja akielekea mahame yake. Husalimiana vizuri, wakagawana maji, na hakuna anayemuuliza mwenzake anakwenda wapi.