Minyoo ya Mpira kwenye Boksi la Shanga

Habari kwamba wifi yangu anahama nilizipata kwa Redio, na hiyo kwa msusi ni aibu. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba, mlango unatazama barabara, na hakuna uchumba wala ugomvi wa mtaa huu unaopita bila kukalia kwanza kiti changu. Halafu ya nyumbani kwangu naletewa na huyo Redio, jirani muuza viatu tuliyempa jina hilo kwa umbea wake, tena kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

"Kwa hiyo wifi yako anawahama," Redio akasema.

"Anahamia wapi?"

"Kile chumba nyuma ya kiwanda cha mikate. Kashakwenda kukiona. Jumapili jioni anampa mwenye nyumba jibu. Kumbe hujui?"

"Najua," nikasema, nikamvuta nywele kuliko ilivyohitajika.

Wifi, dada wa mume wangu, ni fundi umeme. Alihamishiwa huku kikazi, akaja kukaa kwetu kwa muda tu mpaka apate pa kujishikiza, na mimi ule muda nikajisahaulisha. Si mtu wa maneno. Akirudi kazini anasalimia, anavua buti, anaingia chumbani. Lakini jioni anatoka kula, na hapo ndipo penyewe. Watoto wangu wameshatawanyika, mmoja kaolewa, mwingine yuko masomoni. Baba yao anaendesha lori la masafa marefu, akiwa nyumbani ni mgeni wa heshima. Nikishafunga saluni, kelele zote zinaondoka na wateja, nabaki mimi na meza. Kabla wifi hajaja nilikuwa nakula nimesimama jikoni ili nisiione.

Kumwambia "usihame" nilishindwa. Nikatafuta njia ya kuzunguka. Kila Jumapili wifi huenda kuvua kwenye bwawa la umeme, mchezo aliofundishwa na mafundi wenzake. Havui kwa minyoo ya udongoni. Ana minyoo ya mpira laini, ya rangi rangi, yenye vimkia vinavyochezacheza majini kama vilivyo hai.

"Wifi, nifundishe kuvua," nikamwambia.

Akanitazama kama paka kaomba kuendesha baiskeli. "Samaki hawasukwi, wifi."

"Nani kasema nitawasuka?"

"Na hawapigi umbea."

"Ndiyo maana wanahitaji mtu kama mimi."

Nusura acheke. Akaniletea pakiti ya minyoo yake ya kijani, ile anayoipenda, na ndoana zenye kichwa cha risasi, nijizoeze kuuvika mnyoo kwenye ndoana ukae umenyooka. Mwishoni alisema kitu kuhusu namna ya kuitunza, lakini wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumsimulia habari ya binti wa fundi cherehani.

Jumamosi saluni ilijaa hadi kizingitini. Nikawaonyesha minyoo yangu. Mmoja akaruka kiti akidhani ni mjusi, mwingine akaomba mmoja auvae kama hereni. Redio akauliza kama samaki wa bwawani ni vipofu au wajinga. Tulicheka mpaka kazi ikanilalia. Jioni nikakusanya kila kitu, na minyoo nikaitia kwenye boksi la plastiki la shanga za kufungia ncha za misuko. Rangi zililingana, nikaona panapendeza.

Asubuhi nikafungua boksi. Ndani palikuwa na uji. Minyoo imeyeyuka, shanga zimelainika na kuzama humo, boksi lenyewe limeota ukurutu. Nikajaribu kuchomoa mmoja ukaja na shanga zote, kama mkufu wa mtu asiyejali.

Nikampelekea wifi boksi. Alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za buti.

"Nilikwambia isikae na plastiki ngumu," akasema. "Inakula plastiki, nayo inaliwa."

"Nilisikia nusu."

"Siku zote unasikia nusu, wifi yangu."

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana liliniingia.

Akavuta mfuko chini ya kitanda. Ilikuwa imebaki minyoo ya zamani, iliyochanika vichwa na kukatika mikia kwa meno ya samaki. "Hii haishiki ndoana," akasema, akaanza kuvua buti tena.

"Subiri," nikamwambia.

Nikaleta sindano yangu ya kushonea nywele na kiberiti cha gesi. Nikapasha sindano, nikaipitisha katikati ya pale palipochanika, nikabana kwa vidole na kupuliza. Ni kazi yangu ya kila siku, kuchoma ncha za nywele za bandia zisifumuke. Wifi akauchukua mnyoo, akauvuta, akauvuta tena kwa nguvu. Haukuachia. Akanisogezea mfuko mzima, akaketi karibu kunipasia wagonjwa.

Bwawani, kabla sijagusa fimbo ya kuvulia, akaninusa mikono. "Mafuta ya nywele. Samaki akionja hayo anatema." Akanisugulisha mikono kwa mchanga na maji mpaka ikawa miekundu. Halafu akanifundisha. Rusha. Acha mnyoo uzame wenyewe mpaka chini. Inua ncha ya fimbo kidogo tu, acha uzame tena.

"Samaki anauma ukiwa unashuka," akasema. "Yaani pale ambapo wewe hufanyi kitu."

Hapo ndipo niliposhindwa. Mikono yangu haijui kutofanya kitu. Nilirusha na kuvuta, nikarusha na kuvuta, na mnyoo ukapita juu ya maji unakimbia kama mwenye deni.

"Unamfukuza," wifi akasema. "Tazama mshipi. Ukishtuka, ukikaza, ukienda pembeni, huyo ndiye."

Nikautazama. Kutazama uzi mwembamba vile kunamaliza akili yote, na bila kukusudia nikanyamaza. Tukakaa hivyo, maji yanapiga mawe taratibu. Kisha wifi, mwenyewe, bila kuulizwa, akaanza kuongea.

"Nimepata chumba."

Midomo ikaniwasha. Nikainua ncha, nikaacha mnyoo uzame.

"Si kwamba nimewachoka. Wewe nakupenda, chakula chako nakipenda. Ila nashinda juu ya nguzo, redio ya upepo ya kiunoni inapiga kelele, wakubwa wanapiga kelele, ukikosea unakufa. Nikifika nyumbani kichwa bado kiko juu kule. Nikifungua mlango tu, umeshaniuliza maswali ya mtaa mzima. Na nikianza kujibu..."

Tuk. Mshipi ukashtuka. Niliusikia mpaka kwenye kiwiko, kitu kizito kinavuta, kinatingisha kichwa. Mshipi ukaanza kukata maji kuelekea kushoto. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kupiga kelele.

Sikuvuta. Nilimtazama wifi usoni.

"...nikianza kujibu," akaendelea polepole, macho yake yakiufuata mshipi wangu, "unanimalizia. Sijawahi kufika mwisho wa habari ndani ya ile nyumba. Wifi, una samaki."

"Najua. Malizia."

"Anaondoka."

"Aondoke. Malizia."

Mshipi ukalegea. Samaki alikuwa ameshakwenda zake na nusu ya mnyoo niliouunga mwenyewe. Wifi akaangalia yale maji, akaniangalia, na kicheko kikamtoka tumboni, cha mtu anayecheka mara chache na hajui kukipunguza.

"Nimeshamaliza," akasema alipopata pumzi. "Hilo ndilo lilikuwa lenyewe."

"Basi na mimi niseme langu moja. Usihame. Ukihama narudi kula nimesimama."

Akarusha mshipi wake, akauacha uzame. "Nikirudi kutoka kazini, usiniulize kitu mpaka nimalize chai."

"Nusu kikombe."

"Kizima."

"Wifi, nitapasuka."

"Kizima."

"Haya. Kizima."

Jioni ile alimpigia simu mwenye nyumba kwamba kile chumba ampe mwingine, akiwa ameegemea mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa naparua magamba ya samaki wawili, wote wake, na nikajikaza nisimdokeze maneno ya kusema.

Kesho yake alifika, akavua buti, nikamwekea chai. Nikakaa mbele yake nimekunja mikono. Sijui nani alitengeneza vikombe vile, ni vikubwa visivyo na huruma. Akanywa taratibu, akatazama dirishani, akaweka kikombe kitupu mezani. Nikavuta pumzi nianze.

Akaniwahi. "Leo nimeitwa kwa binti wa fundi cherehani, taa haziwaki," akasema. "Ukiwa fundi umeme, wifi, unaingizwa mpaka vyumba vya ndani. Sogea nikwambie nilichokikuta."

Nikasogeza kiti.