Usiachie Mpaka Nirudi

Sista Zunilda aliushika mkono wa Deolinda, akaukandamiza kwenye kinena cha mumewe, juu ya bonge la shashi lililokwisha lowa wekundu.

"Unasikia panavyopiga?"

"Nasikia."

"Huo ndio mshipa. Mrija ulipita hapo kwenda moyoni, na sasa nimeuchomoa. Weka uzito wako wote, kama unakanda unga. Na usiachie mpaka nirudi."

"Sista, hii si kazi yangu mimi."

"Kazi ni yangu, najua." Sista alikuwa ameshavua glavu na kuanza kufunga vifungo vya sare mpya. "Mkurugenzi anataka wauguzi wote wapange mstari mbele. Mheshimiwa ameshaingia getini. Unataka nifukuzwe?"

Akavuta pazia, akaenda zake.

Deolinda Ayala alikuwa muuza mikate ya chipa kwenye kituo cha mabasi yaendayo mji mkuu, Asunción. Kila alfajiri alikanda unga wa muhogo na jibini, akachoma, kisha akashinda akipandisha kikapu kichwani na kukishusha mlangoni mwa mabasi. Mikono yake haikuwa na shida ya nguvu. Shida ni kwamba hakujua anachokibana, wala akibane mpaka lini, na chumba kizima hakikuwa na mtu wa kumuuliza ila Crescencio mwenyewe, aliyelala chali ameamriwa asiukunje mguu wa kulia.

"Deo," Crescencio alimwita kwa Kiguarani, lugha yao ya nyumbani. "Maisha yetu yote hutaki hata nikushike mkono barabarani. Leo wewe ndiye unanishika huko, mchana kweupe, mbele ya serikali."

"Nyamaza, mwanamume huna haya. Nikicheka nitaachia."

"Basi usicheke. Bana."

Crescencio alikuwa fundi mwashi. Kifua kilimbana akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, akashushwa na wenzake kwa kamba kama mfuko wa saruji, na tangu hapo alilala kwenye korido ya hospitali hii ya mkoa akingoja. Deolinda alilala nje, uani, chini ya turubai, pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine. Wote walijua kwamba mashine ya kutibu moyo imo ndani. Wengine walikwenda kuichungulia dirishani, imevikwa nailoni. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inangoja mtu wa kuja kukata utepe.

Juma la kukata utepe ndipo Mkurugenzi, Daktari Ocampos, alipopita kwenye korido akitazama wagonjwa nyuso. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mzee aliyefika kabla ya wote na kuzidiwa kuliko wote. Alimtazama, akampita. Kwa Crescencio akasimama.

"Huyu ana meno," alisema. "Mfanyeni huyu, asubuhi ya sherehe."

Na kweli walimfanya. Daktari Galeano, kijana aliyeletwa kutoka mji mkuu, alipitisha mrija pajani akauzibua mshipa wa moyo uliokuwa umeziba, akatoka anatokwa jasho, anacheka. "Moyo uko sawa, mama," alimwambia Deolinda, kabla hajavutwa kwenda kuvaa tai.

Sasa sauti za vipaza sauti zilikuwa zikipenya ukutani. Mtu alikuwa akisema kwamba leo moyo wa mkoa mzima umeanza kupiga. Watu wakapiga makofi.

"Deo. Mgongo."

"Mgongo umefanyaje?"

"Unauma. Huku chini. Kama nimepigwa teke na farasi."

Alimtazama usoni. Feni ilikuwa inampulizia, lakini paji la uso lilikuwa limejaa jasho, na midomo imepauka. Akaangalia mikono yake. Pembeni mwa shashi, ngozi ya kinena ilikuwa imetutumka, ngumu, inang'aa, na ule uvimbe ulikuwa unapanda kuelekea tumboni.

"Sista!" alipiga kelele. "Sista Zunilda! Jamani, mtu yeyote!"

Pazia lilifunguliwa. Alikuwa kijana wa sherehe, ana kitambulisho shingoni.

"Mama, vipi? Sauti yako inaingia kwenye maikrofoni."

"Niitie sista. Mume wangu anavimba."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa hivi!"

"Nimesema nitamwambia. Usinipandishie sauti, mimi si mtumishi wako." Akafunga pazia, kisha akafunga na mlango.

Deolinda alibaki amekaza viwiko. Angeweza kukimbia kwenda kuita watu, lakini ili akimbie ilimlazimu aachie. Alimtukana yule kijana, akamtukana mama yake aliyemzaa, akaendelea kubana.

Mlango ulipofunguliwa tena, manukato yalitangulia. Kisha akaingia Mheshimiwa Insaurralde, mbunge, shati jeupe lililokunjwa mikono kama la mtu anayekwenda kulima, na nyuma yake Mkurugenzi, wapiga picha, na Sista Zunilda. Daktari Galeano hakuwepo. Watu wa redio walikuwa wamemkamata kwenye chumba cha mashine.

"Na huyu ndiye wa kwanza wetu," alisema Mkurugenzi. "Zamani wangempasua kifua, Mheshimiwa. Leo ni tundu dogo tu pajani. Hana hata mchubuko."

"Daktari, anavimba," alisema Deolinda. "Na mgongo unamuuma, mwangalie rangi yake..."

"Ni mkewe," Mkurugenzi alimwambia mbunge, akitabasamu. "Wanawake wetu wana mapenzi, lakini waoga."

Watu wakacheka. Mpiga picha aliinua kamera, akaishusha.

"Mkono wa huyo mama unaharibu. Unaonekana... si mahali pazuri pale."

Wakacheka tena, zaidi.

"Mama, toa mkono kidogo," alisema Mkurugenzi. "Njoo huku umsalimie Mheshimiwa."

"Sista ameniambia nisiachie."

"Na mimi ndiye mkubwa wa sista."

Deolinda alimtazama Zunilda. Zunilda alitazama sakafu, akatazama mlango, akatazama kila kitu isipokuwa ule uvimbe.

"Kidogo tu," alisema Zunilda kwa sauti ya chini.

Ndani ya jengo lile, kila walichopata walikipata kwa kutii. Walipoambiwa ngojeni, walingoja. Walipoambiwa haya ingieni, waliingia wakishukuru. Deolinda akaachia.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikunjuki. Mbunge aliupokea mkono wake hivyo hivyo, umejikunja, kisha akaona damu kwenye kucha, na msaidizi akamletea haraka kitambaa chenye dawa. Mkurugenzi alivuta shuka jeupe akamfunika Crescencio mpaka kifuani, akalinyoosha.

"Tabasamu, mzee."

Crescencio alijitahidi, akaonyesha meno. Kamera zikamulika. Mbunge alimwekea mkono begani, akaanza kueleza, kwa ajili ya televisheni, kwamba serikali inayojali haimwachi maskini peke yake. Alieleza vizuri, bila haraka. Mpiga picha ndiye aliyeona kwanza, kwenye kioo kidogo cha kamera yake.

"Jamani," alisema. "Shuka."

Damu ilikuwa inaenea katikati ya weupe, haraka, kama mtu amemwaga kitu kutoka ndani.

Kwanza walimtoa mbunge. Wasaidizi walimzunguka wakamsukuma nje, asije akachafuka. Ndipo Zunilda akaruka juu ya kitanda na kukandamiza kwa ngumi mbili, na Daktari Galeano akaja mbio, tai begani. Alibonyeza tumbo la Crescencio chini ya kitovu, na Crescencio akalia kwa sauti ambayo Deolinda hajawahi kuisikia kwake, si siku ile aliposhushwa kwa kamba, si siku yoyote.

"Damu inavujia ndani, nyuma ya tumbo," alisema Galeano. "Nani aliachia?"

Wote waliokuwa wakicheka walikuwa wamepata kitu cha kutazama mahali pengine.

"Familia," alisema Mkurugenzi. "Wanaelezwa, hawasikii."

"Ni wewe!" alisema Deolinda. "Ni wewe uliyeniambia, na huyu sista alisikia, na..."

"Mama." Mkurugenzi hakupandisha sauti. "Chunga mdomo wako. Bado unahitaji gari la wagonjwa, na gari liko chini yangu."

Deolinda alifunga mdomo. Aliusikia ukifunga, meno kwa meno, na alijichukia zaidi ya alivyomchukia yule mtu.

"Hapa hatuna wa kushona mshipa," Galeano alikuwa anasema. "Damu ya kumwongeza hatuna. Aende Asunción, sasa hivi, apite mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma umefungwa na walinzi wa Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. "Piteni uani. Polepole, msitie watu hofu. Zunilda, wewe baki. Tazama sare yako."

Zunilda aliziondoa ngumi zake kwenye kinena. Galeano alimgeukia Deolinda, hakumtazama machoni.

"Panda, mama. Bana."

Akapanda. Alipiga magoti juu ya kitanda cha magurudumu, paja la mumewe katikati ya magoti yake, sketi imepanda, akaweka tena uzito wake wote palepale alipoambiwa mwanzo. Galeano alisukuma kichwani, mlinzi miguuni.

Uani walikuwa wamefunga mahema. Turubai za jamaa wa wagonjwa zilikuwa zimeondolewa tangu jana, na mahali pake palikuwa na meza zenye vitambaa vyeupe, nyama ikichomwa, kinubi na gitaa vikipiga muziki wa polka. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa mbali kabisa, limeoshwa, limefungwa utepe puani kwa ajili ya maonyesho. Magurudumu yalikwama kwenye mawe. Wakayanyanyua, yakakwama tena.

"Usilale," Deolinda alimwambia. "Crescencio. Nitukane, fanya chochote, usilale."

"Baridi," alisema, katika joto lile la Januari.

Mshereheshaji aliwaona wakitokea kati ya meza. Akanyakua maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, huyo hapo! Mgonjwa wetu wa kwanza, moyo mpya, huyoo anarudi nyumbani! Na mkewe hataki hata kumwachia!"

Kicheko kikapita meza hadi meza. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakasimama na sahani zao. Wapiga muziki wakaongeza mwendo. Galeano alikuwa anapaza sauti, pisheni, pisheni jamani, lakini kwa muziki ule alionekana kama mtu anayeimba.

Gurudumu likagonga jiwe jingine. Mkono wa Crescencio ukateleza kutoka kwenye kitanda, ukaning'inia, ukawa unayumba huku na huku kila waliposukuma. Kwenye meza ya mbele, mwanamke mwenye kofia pana aliweka uma chini, akainua mkono wake, akampungia naye.