Gauni la Emama Belaynesh

Askale alikuwa na kijicho, jamani! Tusimfichie.

Alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa wetu hapa Addis Ababa, na mle ndani alikuwa na kabati la vioo la mambo ya zamani: santuri, tiketi za sinema, picha za wanamuziki wenye nywele za afro na suruali pana kama sketi. Wazee walilitazama wakafuta machozi, naye akasimama pembeni, kichwa kimemvimba. Kilichomkosesha raha ni kimoja: gauni la kumetameta la Emama Belaynesh (Emama ndivyo tunavyomwita mama mzee), bibi aliyekuwa akiimba hotelini kabla ya mapinduzi. Miaka mingi, kila Jumapili akitoka kanisani, Askale alikwenda kwake kunywa kahawa huku akilitamani gauni lile. Kuliomba, hakuliomba. Kitu cha namna hiyo unasubiri upewe.

Ndipo akahamishiwa pale maktaba Fikirte, mwanamke wa rika lake, kicheko chake kinasikika hadi barabarani, na nyimbo zote za zamani anazo kichwani. Haikuchukua muda wazee wakaanza kuuliza mlangoni, "Fikirte yupo?" Askale akachukia. Juu ya hayo, Emama naye akamwagiza: Jumapili njoo na mwenzako.

Walipofika, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, ubani unafuka.

"Karibu, bibie, karibu kwenye kiti," Emama akamwambia Fikirte. "We Askale, hebu chochea makaa. Lete na maji."

Kikombe cha kwanza akapewa nani? Fikirte! Askale akapata cha mwisho. Kisha Emama akamwomba bibie aimbe kidogo, wakaimba wote wawili, wakapiga na makofi.

"Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?" Emama akacheka. "We Askale, osha vikombe."

Kuosha vikombe! Mwenzake anaimba, yeye anasugua. Duru ya pili ikawa vilevile, na roho ikazidi kumchoma.

Kahawa kwetu ni duru tatu, na ya tatu ndiyo ya baraka. Anayeondoka kabla yake amemtukana mwenye nyumba, na Askale hilo alilijua tangu utotoni. Akasimama.

"Naondoka, Emama. Nina kazi."

"Kazi gani Jumapili? Kaa, ya tatu hiyo inachemka."

"Mpe mwimbaji wako!"

Akajitupia mtandio begani, akatoka. Alilia njia nzima, na hasira tele.

Kesho yake Fikirte akaingia maktaba, akafungua mfuko. Gauni!

"Hongera," Askale akasema. "Umekuja juzi tu, leo umelibeba."

Fikirte siku hiyo hakucheka. "Lilikuwa lako. Alikuwa nalo chini ya kigoda, anangoja kikombe cha tatu akubariki akukabidhi. Ulipotoka akalia. Baadaye akanisukumia mimi, akasema, basi chukua wewe."

"Langu wapi? Wewe ndiye uliyepewa kikombe cha kwanza! Mimi kanituma makaa kama kijakazi!"

"Hivi we Askale una wazimu? Anayepewa kwanza si mgeni? Mtoto wa nyumbani anakaribishwa kwenye kiti tangu lini? Anachochea makaa, anakunywa mwisho. Mama yangu mimi nimemzika. Nimekaa pale na ubibie wangu, wivu unanitafuna, natamani hata nitumwe maji. Naimba ili anitazame, na yeye kila saa, 'We Askale, we Askale.'"

Askale akamwona akilini Emama ameshika kile kikombe cha tatu kisicho na mnywaji, na machozi yakamlengalenga. Hata hivyo mkono ukaenda wenyewe kwenye gauni.

"Basi nipe," akasema kwa sauti ndogo.

Fikirte akalivuta, akalikumbatia kifuani.

"Wewe una mama. Mimi nimeambulia gauni. Sikupi ng'o."