Kitabu Kilichopandisha Presha

Mwalimu Inshirah alikuwa akisoma kwa sauti, amefika pale ambapo wakili Rabab anasukuma mlango wa stoo ya saruji na kusikia mtoto akikohoa gizani. Hapo hapo mkono ukanyanyuka kutoka kitanda cha mwisho.

"Naomba niseme neno," alisema Shawkat.

"Usiseme," alijibu Usta Gharib bila kumtazama. "Mwalimu, endelea. Mtoto anakohoa."

"Lakini hapa pana kosa la kisheria, na kubwa! Siri ya mteja haimfungi wakili mdomo wakati mtoto wa watu yuko hatarini. Huyu Rabab angekwenda polisi tangu sura ya pili. Nimevaa joho la mahakama maisha yangu yote, najua ninachosema."

"Angekwenda polisi sura ya pili, sisi leo tungekuwa tunasikiliza nini? Mlio wa mashine?"

Inshirah alikiegemeza kitabu kifuani, akafumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto, sindano mbili zimebanwa kwa plasta, damu inatoka huku, inasafishwa na mashine na kurudi kule. Kurasa alizifunua kwa mkono wa kushoto, kwa kidole gumba na kwa kidevu, na kila alipokatizwa ukurasa ulijifunga wenyewe na mahali pakapotea. Alikuwa amefundisha lugha katika shule ya wasichana hapo Aleksandria hadi nywele zikawa nyeupe. Wasichana walisinzia akiwasomea, wengine walichorana viganjani kwa kalamu. Hakuwahi hata siku moja kuambiwa "endelea." Sasa amepata watu wanaomwambia endelea, na haendelei.

Mambo yalianza runinga ya wodini ilipoharibika. Inshirah alikuja na kitabu chake, kile ambacho mji mzima ulikuwa ukikizungumzia majira yale ya baridi: jaji anaibiwa mwanawe siku chache kabla ya kumhukumu kwa mauaji tajiri wa kiwanda cha saruji, naye Rabab, wakili wa tajiri, anagundua kwa neno moja lililomponyoka mteja wake kwamba mteja huyo ndiye anayejua mtoto alipo. Alikuwa akijisomea kimya. Gharib, ambaye udereva ulimpa jina la Usta, yaani fundi, na aliyeendesha malori ya mizigo kati ya bandari na Saidi huko kusini mpaka figo zilipomgomea, alimwona anauma midomo, akauliza kuna nini humo. Inshirah akamsomea ukurasa mmoja. Tangu siku hiyo wagonjwa wa zamu yao waliacha kuchelewa. Mama mmoja wa mtaa wa Sidi Bishr, ambaye kila mara binti zake walimburuta kuja kusafishwa damu, alianza kufika wa kwanza na kuchagua kitanda kilicho karibu na msomaji.

"Nimalize hii sura," Inshirah alisema, "kisha Bwana Shawkat utatupa hukumu yako. Sawa?"

"Nitaiweka akilini."

"Iweke, na uifunike."

Akaupata ukurasa. Akasoma jinsi Rabab anavyopapasa ukuta kutafuta swichi, jinsi kikohozi kinavyokatika ghafla, kana kwamba kuna mtu aliyemziba mtoto mdomo. Ndipo mashine ya Gharib ilipoanza kupiga kelele, ikafuatiwa na ya yule mama, na nesi Ibtisam akaja mbio, akabonyeza vitufe, akapima presha ya huyu na ya yule, akatoka. Aliporudi alikuwa na Dakta Tamer.

Dakta Tamer alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alipita kitanda kwa kitanda, halafu akasimama mbele ya Inshirah na kukitazama kitabu kama mtu anavyotazama chupa ya dawa isiyo na lebo.

"Mama Inshirah, hicho unachosoma ni nini?"

"Hadithi, mwanangu."

"Hadithi gani inayowapandisha presha wagonjwa wangu wote kwa pamoja? Wiki iliyopita hivi hivi. Nilidhani vipimo vimeharibika, nikaagiza vingine."

"Ni mtoto wa jaji," alisema Gharib. "Yuko stoo. Dakta, tuachie dakika chache tu, atolewe."

"Hapana. Kuanzia leo hakisomwi humu."

Zikapanda kelele ambazo hata mashine hazijawahi kupiga. Shawkat aliomba kimya. Alijikohoza, akajiinua kwenye mto kadiri mipira ya damu ilivyomruhusu, na Inshirah akashangaa kumsikia akizungumza kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwake: nzito, ya taratibu, ya mahakamani.

"Daktari, mshtakiwa ni kitabu, na hakuna aliyempa nafasi ya kujitetea. Presha hupanda kwa chumvi. Hupanda kwa maji tunayokunywa kwa siri. Usta Gharib jana alikula samaki wa chumvi, mwulize."

"Ala! Mimi tena?" Gharib aliruka.

"Nyamaza, nakutetea. Pili, wagonjwa hawa hawakuwa wakimaliza muda wao. Waliomba wafunguliwe mapema, wakatoroka, wengine hawakuja kabisa. Tangu kisomwe, nani ametoroka? Mwulize nesi. Mnaona presha ikipanda. Kuhudhuria kulikopanda hamkuoni."

Nesi Ibtisam aliinamisha uso, lakini alitikisa kichwa kukubali. Kwa kitambo kidogo Inshirah aliona matumaini. Dakta Tamer aliupangusa uso kwa kiganja.

"Mzee wangu, umesema vizuri. Lakini mtu akipasuka mshipa kitandani kwangu, nitaieleza familia yake kwamba wakili alikuwa anapapasa swichi? Nyumbani someni mpendavyo. Humu ndani, hapana."

Akaondoka. Shawkat aliuegemea tena mto taratibu. "Kesi nzuri hushindwa hivi hivi," alisema, na hakunyanyua tena mkono siku hiyo.

Zamu iliyofuata ilikuwa kama matanga. Runinga ilikuwa imetengenezwa, mtu fulani anakaanga vitunguu ndani yake, hakuna aliyemtazama. Inshirah alikuwa na kitabu mkobani na hasira kifuani. Alikuwa amejizuia kukisoma nyumbani. Alijaribu, akafungua ukurasa wa ile stoo, akaona haya kama mtu anayekula peke yake huku wageni wamekaa sebuleni.

"Mwalimu," Gharib alinong'ona. "Swichi aliipata?"

"Sijui. Sijasoma."

"Wallahi?"

"Wallahi. Kwani wewe si ulimtuma binti yako akununulie?"

Gharib alikigeukia kidole chake na kukikwaruza ukucha. "Alininunulia. Mimi kusoma kwangu ni mabango ya barabarani, Mwalimu. Yeye ananisomea, lakini anasoma kama anayesoma risiti ya umeme. Mtoto amezibwa mdomo, yeye yuko vile vile, huku anajibu simu. Nilimwambia aache. Ataniharibia."

Inshirah alijikuta amepoa moyo kidogo, kisha akakasirika upya, safari hii kwa niaba ya Gharib.

Wazo lilikuwa la Shawkat. Marufuku ya daktari, alisema, imetaja "humu ndani," na ukumbi wa kusubiria uko nje ya mlango wa wodi. Sheria ni maneno yake. Basi wakaanza kuja mapema, kabla zamu ya asubuhi haijaondoka vitandani, wakakaa kwenye viti vya plastiki karibu na muuza chai, na Inshirah akasoma.

Swichi ilipatikana. Taa ikawaka. Palikuwa na godoro chini na kikombe cha maziwa ambacho bado kilikuwa vuguvugu, mtoto hayupo. Gharib alilipiga goti lake ngumi, mama wa Sidi Bishr akawalaani wezi kwa majina ya mababu zao, na muuza chai akasahau birika motoni. Walisoma hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Lakini hata pale hakukuwa na utulivu. Kila walipofika penye utamu, nesi alifungua mlango na kuita majina. Siku nyingine mvua ya bahari ilisimamisha tramu na Inshirah akafika amelowa, amechelewa, akakuta wenzake wamenuna kana kwamba yeye ndiye aliyeiita mvua. Na Shawkat, ambaye alikuwa amewapigania, alirejea tabia yake.

"Shahidi haulizwi hivyo."

"Bwana Shawkat!"

"Nasema tu. Jaji mwenye mtoto aliyetekwa anajitoa kwenye kesi. Lazima."

"Hawezi kujitoa, watamuua mtoto!" alifoka muuza chai, ambaye hakuwa hata mgonjwa.

Hatimaye ikabaki sura moja. Siku hiyo walifika wote, wamevaa makoti yao mazuri. Inshirah alisoma polepole. Siku ya hukumu, mahakama imejaa. Jaji ameshika karatasi. Tajiri wa saruji anatabasamu kizimbani. Rabab anajua kila kitu: akisema, atafutwa uwakili na watu wa mteja wake wanaweza kummaliza mtoto, akinyamaza, muuaji anatembea huru na jaji anaishi na aibu. Mlango wa nyuma unafunguliwa. Mtu anaingia, amemshika mtoto mkono, lakini umati umesimama na Rabab haoni ni mtoto gani. Anainuka. Anasema, "Mheshimiwa Jaji."

Inshirah aliinua uso.

"Enhe," alisema Gharib.

"Basi."

"Basi nini? Geuza."

Aligeuza. Karatasi ilikuwa nyeupe, na iliyofuata ilikuwa na anwani ya wachapaji huko Kairo. Alihisi uso unamchoma. Alitazama tena mshono wa kitabu, labda kurasa zimechomoka; hakuna kilichochomoka.

"Mtoto ni nani?" aliuliza mama wa Sidi Bishr.

"Hakusema."

"Rabab alisema nini?" aliuliza Shawkat, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeivumilia ile mahakama yake yote ya uongo nipate kusikia angesema nini."

"Alisema Mheshimiwa Jaji."

Gharib alisimama. "Mwalimu, nitazame. Mtoto amekufa, siyo? Umeona imeandikwa, ukaona huyu mzee moyo wake mbovu, acha nimfiche. Niambie. Mimi nimezika watu."

"Sijaficha kitu, Usta!"

Hakuamini. Alimnyang'anya kitabu, akampa muuza chai, muuza chai akasoma mistari ya mwisho kwa sauti, akatikisa kichwa. Ndipo Gharib akaketi kama mzigo ulioshushwa vibaya, na Inshirah, aliyekuwa karibu kulia kwa kuitwa mwongo, akatoa simu yake na kupiga namba iliyokuwa ukurasa wa nyuma. Aliiweka kwa sauti kubwa.

Msichana aliyepokea alionekana kuchoka hata kabla hajasalimiwa. "Kama ni kuhusu mwisho, mama, mnapiga wengi. Mwandishi anasema kila msomaji moyoni mwake anajua kilichotokea."

Gharib aliinamia simu. "Mimi sijui!" alipaza. "Binti, mwambie Gharib wa Aleksandria hajui! Mwambie tumesikiliza hadithi yake na sindano mkononi!"

"Nitamfikishia, baba," alisema msichana, akakata.

Mlango ukafunguliwa, majina yakaitwa. Waliingia wodini, wakalala, wakachomwa, mashine zikaanza kuzunguka. Nesi Ibtisam alipima presha za wote, akazirudia, akamwita Dakta Tamer. Daktari alisoma namba, akatazama mto wa Inshirah, akatazama chini ya kitanda. Hakikuwepo kitabu. Muuza chai alikuwa amekiazima.

"Leo mna nini nyinyi?"

Inshirah alikuwa ameukodolea macho mlango wa wodi. Alimkasirikia mwandishi, akamkasirikia msichana wa simu, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu kila alipoyafumba macho umati wa mahakama ulisogea kidogo, karibu aone, kisha ukajifunga tena.

"Kwa maoni yangu," Shawkat alianza taratibu kutoka kitanda cha mwisho, "yule mtoto aliingia na viatu vyake. Mtoto aliyeokolewa na polisi huletwa amevaa viatu."

"Viatu viko wapi kwenye kitabu?" alisema Inshirah kwa ukali. "Hakuna viatu. Usiongeze neno lisiloandikwa."

"Mwache aongeze," alisema Gharib, macho yake darini. "Mwache, Mwalimu. Viatu vya rangi gani, Wakili?"