Gesi ya Maziwa

Maji machafu ya kiwanda cha maziwa cha Nasser yalinuka hadi barabarani, mpaka alipoajiriwa Dalia, injinia wa kike. Aliyaelekeza kwenye mabwawa na kuotesha humo mwani mdogo usioonekana kwa jicho, uliokula uchafu na kuyageuza maji kuwa ya kijani kama mchicha. Mwani huo ulivunwa, ukachanganywa na mabaki ya maziwa na kuozeshwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa. Gesi yake ndiyo iliyochemsha maziwa. Tangi alilitunza Massoudi, fundi wa mtaa wa Buyenzi, aliyeliita "bibi yangu mudogo", kana kwamba ni mke wa pili.

Asubuhi moja, wafadhili wakiwa njiani kutoka mtaa wa Rohero, gesi ilikatika. Mafuta ya maziwa yalikuwa yameganda na kuziba bomba la ndani. Massoudi akafungua mfuniko.

"Tuache wazi mpaka kesho," Dalia alisema. "Hewa ya mule inaua mutu kabla asikie harufu."

"Kesho wageni watakuwa wameenda," Nasser akajibu. "Massoudi, kama unaogopa, sema. Mafundi ni wengi huko inje."

Massoudi alijifunga kamba kiunoni. "Mi naingia, dada. Nitatoka sasa hivi." Akasema bismillahi, akashuka.

Hakufika chini ya ngazi. Mikono yake iliachia ngazi tu, bila kelele. Dalia alivuta kamba, ikamshinda. Honi ikalia getini. Nasser akampokonya kamba, akaitupia ndani na kurudisha mfuniko.

"Huyo amekwisha kufa," akanong'ona. "Wakienda, tutamutoa."

"Apana, bosi! Labda anapumua!"

Nasser alimkamata Dalia mkono, akamvuta hadi kwa wageni huku akitabasamu. Mama mmoja mwenye miwani aliinamia bwawa, akaisifu rangi.

"Injenia wetu atawaelezea," Nasser alisema.

"Iko mutu ndani ya tangi," Dalia akasema. "Anakufa!"

Wazimamoto walioitwa na wageni walimtoa Massoudi ndevu zake zimejaa povu jeupe. Alikuwa maiti.

Mkewe, Waridi, alifika na unga bado mikononi. Nasser akamwahi, machozi yakimlengalenga.

"Pole, mama. Mi nilikataa. Injenia ndiye alimutuma, akafunga na mufuniko. Tangi ni yake."

Dalia akamgeukia Régis, mlinzi, aliyekuwa ameona yote kutoka getini. "Régis, sema!"

Régis alimtazama Nasser, kisha viatu vyake mwenyewe. "Mi sikuona kitu."

Polisi wakamchukua Dalia.

Baada ya mazishi, Waridi alimfuata Dalia rumande. Hakutukana. Alishika nondo za dirisha, akauliza taratibu:

"Wakati mufuniko ulifungwa, alikuwa angali muzima?"

Dalia alitaka kumwambia hapana.

"Sijui," alisema.

Waridi aliinamisha kichwa, akajifunika mtandio wake vizuri. Akatoka kwenda kwenye gari la Nasser, lililokuwa likimsubiri nje limrudishe nyumbani.