Kiti cha Nyuma cha Callixte

Siku ya soko, mwaka wa 1954, Callixte aliingia katika duka la Mgiriki pale Kitshanga akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Alikuwa karani wa shamba la pareto huko Masisi, na alikuja kuchagua pikipiki. Zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya rangi ya majivu, yenye mlio wa cherehani. Ya pili ilikuwa nyekundu, imeinama mbele kama beberu anayetaka kupiga pembe. Huko Ulaya watu walishindana mbio juu ya pikipiki za namna hiyo.

"Umekwisha kuendesha nini?" Mgiriki aliuliza.

"Baiskeli."

"Basi kamata hii ndogo. Ile nyekundu iko ya muntu mwenye kuizoea, na bei yake inapita nguvu yako."

Callixte alijua kwamba mwenye duka anasema kweli. Lakini Léopold, karani mwenzake, alikuwa tayari na ndogo kama ile, na Callixte hakutaka kufuata nyuma ya Léopold. Akachagua nyekundu. Ili kutimiza bei, alimuuzia mzungu jirani shamba la mteremkoni ambalo marehemu mama yao, Nyiramana, aliwaachia yeye na dada yake Emérita. Mama mwenyewe alikuwa amezikwa humo, chini ya migomba.

"Serikali njo ilikamata shamba, dada," alimwambia Emérita.

Emérita aliyalilia maharage yake ambayo hayajakomaa, kisha akachukua jembe akaenda kukodi kipande cha ardhi juu kabisa mlimani.

Mzungu aling'oa migomba, akaingiza ng'ombe. Jumapili iliyofuata Callixte alitoka misani akamkuta Nyiramana ameketi kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, upandeupande, miguu pamoja, ndani ya kitenge alichozikwa nacho. Udongo mwekundu ulikuwa ungali kwenye visigino vyake.

"Jambo, Mama."

"Jambo, mutoto wangu. Ngombe zinanikanyaga kichwa. Nikatafuta fasi ingine ya kukaa."

Callixte alitafuta kitambaa akampangusa miguu, kisha akawasha pikipiki. Njiani watu walimwamkia mama wakamuuliza habari za huko alikotoka. Alijibu kuwa kulikuwa kuzuri mpaka juzi.

Nyumbani, Emérita alikuwa anamenya viazi. Aliinuka akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, Serikali ilikufukuza hata wewe?"

"Serikali gani? Fasi yangu, Callixte njo aliiuzisha."

Emérita akamtazama kaka yake. Callixte alikuwa anakaza kifuniko cha tangi la mafuta, kifuniko kilichokwisha kukazwa. Dada hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na blanketi, akalitandaza juu ya magoti ya mama. "Barabarani iko baridi," alisema. Afadhali angemchapa kofi. Callixte angejua uso wake auweke wapi.

Kesho yake aliirudisha pikipiki kwa Mgiriki, apate kulikomboa shamba. Mgiriki aliizunguka, akamsalimia Nyiramana, akatikisa kichwa. "Siwezi kununua kitu chenye muntu juu yake," alisema. Callixte akaenda kwa mzungu. Yule alimvulia mama kofia kwa heshima, akasema kilichouzwa kimeuzwa, na ng'ombe wamekwisha kuzoea majani ya pale.

Basi wakaendelea hivyo hivyo. Pikipiki ya mashindano ilitambaa kwenye matope ya Masisi, mwendeshaji akiogopa kuikimbiza na mama akiwa ameshika shati lake. Watu walizoea.

Masika yalipoingia, walimkuta Emérita katikati ya mwinuko mrefu, gunia la viazi kichwani, amelowa chapachapa.

"Simama tumupakie dada yako," Nyiramana alisema.

"Nikisimama kwa mulima, Mama, sitaweza kuondoka tena."

Ilikuwa kweli. Na hata angesimama, kiti cha nyuma kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na mtu.

Emérita aliusikia mlio, akajisogeza kwenye majani awapishe. "Safari njema, Mama," alisema. Callixte aliinamisha uso mpaka ukakaribia usukani, akapita, na gurudumu la nyuma likamrushia dada yake tope toka kiunoni hadi miguuni.